Jarida Langu na Matusi ya Bibi Chiku

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sitaisahau hata nikizeeka nikasahau jina langu. Ilikuwa asubuhi ya jua kali hapa Kashaulili, mjini Mpanda, mtoto mgongoni, simu mkononi, na kwenye simu hiyo nilikuwa nimeandika matusi ya kummaliza mtu. Kilichobaki ni kidole kubonyeza tu. Aliyenizuia alikuwa bibi mmoja muuza dagaa, na hakunizuia kwa upole.

Nitakusimulia. Lakini kwanza niseme kwa nini nakuita mwanangu, maana najua utacheka. Sijafika umri wa kuitwa mzee. Binti yangu mkubwa ndiyo kwanza yuko darasa la pili, na huyu mwingine bado ananyonya. Ila jana uliniandikia ukisema umemaliza kidato cha nne na unataka kufungua jarida la mtandaoni kama langu, na swali lako la kwanza likawa hili: "Dada, nianze na skendo ya nani ili nipate wafuasi haraka?" Nilisoma, nikatupa simu kitandani. Nilikasirika mpaka uji wa mtoto ukaungua. Sasa nasaha nakupa kwa hasira hiyo hiyo, na mtu aliyefanya niunguze uji, huyo ni mwanangu, apende asipende. Kaa chini usikilize.

Watu wanadhani nilianza na ofisi na kompyuta. Nilianza na kiti cha plastiki kwenye steshenari ya mjomba, karibu na soko. Kazi yangu ilikuwa kuwachapia watu barua: maombi ya kazi, malalamiko ya mipaka ya shamba, hata barua za uchumba. Na mtu akikaa umchapie barua, hasemi yale ya kwenye barua peke yake. Anasema yote. Mama wa Kisukuma ananieleza jinsi walivyohama na ng'ombe kutoka kaskazini mpaka akajifungulia njiani. Mzee wa Mwese ananieleza jinsi wanavyobeba mgonjwa kwenye machela pale pikipiki inaposhindwa kupanda kilima. Mimi nachapa mistari michache ya barua, na kile kisa chenyewe kinatoka naye mlangoni, kinapotea. Kiliniuma sana kitu hicho. Nikaanza kuviandika visa kwenye simu, kwa ruhusa yao, nikawa navituma kwenye magrupu. Watu wakasoma, wakataka vingine. Binamu yangu aliyesomea mambo ya kompyuta akanitengenezea tovuti. Nikaiita Ukili, kwa ajili ya mama yangu msuka mikeka. Mhariri mimi, mpiga picha mimi, mfagiaji mimi.

Maneno niliyosikia! "Mhariri wa kanga." "Aliyefeli hesabu leo anatuhesabia matatizo yetu." Baba watoto aliniambia nichague, simu au yeye. Nikamwambia simu angalau inaonyesha chaji ikikaribia kuisha. Alinuna wiki nzima, akaenda kwa mama yake, akarudi. Siku hizi ndiye anayempeleka mtoto shule nikiwa safarini kijijini Sibwesa, na anajisifu kijiweni kwamba jarida ni letu. Namwacha.

Sasa twende kwenye msiba wa Mzee Rama.

Mzee Rama alikuwa na duka la jumla hapa sokoni, sukari, chumvi, mafuta, na nyuma ya duka alikuwa na mizani kubwa ya sahani mbili na mawe, ya kununulia mpunga na mahindi ya wakulima. Baba yake alikuja zamani kutoka Tabora, Mnyamwezi. Na jirani naye, hatua chache tu kutoka mlangoni kwake, ndipo anapouzia dagaa Bibi Chiku. Bibi Chiku ni Mgogo, aliletwa na treni akiwa mke wa mfanyakazi wa reli, mume akafa, yeye akabaki. Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Basi watu hao wawili hawakuwahi kusalimiana kwa adabu. Mzee Rama alikuwa anawatangazia wateja, "Msinunue dagaa kwa huyo Mgogo, hao dagaa hawajawahi kuona maji na yeye mwenyewe pia!" Naye Bibi Chiku anajibu kutoka kwenye meza yake, "Afadhali mimi nauza nisichokijua, wewe unauza pungufu!" Soko zima linacheka. Lakini mmoja akiugua, wa kwanza kumpelekea uji ni mwenzake.

Mzee Rama akafariki. Jeneza linataka kutoka nyumbani kwenda makaburini, wanaume wameshasimama, mara Bibi Chiku akajilaza mlangoni. Kajifunga kanga kiunoni, mkononi ana jiwe la mizani.

"Halipiti jeneza hapa! Mnyamwezi anakimbia! Kilo yake ya sukari haijawahi kutimia kilo tangu nimjue! Nyie malaika, mkifika naye huko mpimeni kwa mawe yenu, ya kwake msiyaamini!"

Shabani, mtoto mkubwa wa marehemu, akainama. "Bibi, inuka. Tunakuomba."

"Nipe kofia yake kwanza. Mwizi haendi na kofia."

Akaletewa kofia. Akaivaa, akainuka, na alipopisha njia ndipo akalia, kilio kilichowafanya wazee walioketi kwenye mikeka waache kucheka, wafunike nyuso. Mimi nilikuwa narekodi. Sikujiamulia, mjane mwenyewe, Mama Zuhura, ndiye aliyeniita chumbani kabla, akaniambia, "Mtani wa mzee akianza, rekodi. Huyu mzee angependa sana kujisikia akitukanwa." Nikaandika habari nzima kwenye Ukili, mtani ni nani, utani wao ulikuwaje, na video nikaiweka tangu mwanzo Bibi anapojilaza mlangoni mpaka mwisho anapolia. Watu wa Mpanda waliipenda. Wengine walinipigia wakiwa wanalia.

Halafu ukurasa mmoja mkubwa wa Dar ukaichukua. Hawakuomba. Walikata mwanzo, wakakata na mwisho, wakabakiza pale kwenye kilo ya sukari, juu wakaandika: "Bibi afichua wizi wa tajiri aliyefariki." Basi. Ikaenda nchi nzima kabla sijamaliza kufua nepi.

Usidhani hilo ni jambo la kucheka na kupita, mwanangu. Mkulima wa Sibwesa anavuna kwa mwaka mara moja. Anapakia magunia kwenye pikipiki au kwenye lori la mtu, anafika mjini, na maisha yake yote ya mwaka yanakaa juu ya mizani ya mtu mwingine. Akishaingiwa na shaka juu ya mizani hiyo, harudi. Na mavuno ndiyo yalikuwa yanaanza. Shabani alinifuata steshenari, macho mekundu.

"Dada, wanapiga simu kutoka Sibwesa. Wawili wameshageuza mzigo wakapeleka kwingine. Mama yuko eda, hawezi kutoka hata kuwajibu watu, anasikia tu vijana wakipita dirishani wanasema 'kilo haijatimia'. Iondoe hiyo video."

"Shabani, yangu haina kosa. Kosa ni la wale waliokata."

"Najua. Lakini anayeitwa mwizi ni baba yangu."

Niliwaandikia wale wa Dar kwa heshima zote, nikawaeleza utani ni nini kana kwamba wao walizaliwa Ulaya. Wakanijibu kwa kikaragosi cha kucheka, na maneno haya: "Tumekupa umaarufu bure, shukuru." Soma tena hayo maneno. Mimi kila nikiyakumbuka nasikia moto masikioni, hata sasa ninapokuandikia.

Nikamtafuta mwenye ukurasa ni nani. Nikampata. Nikapata na picha za mke wake, na za mama yake, na mambo ya ndoa yake ambayo mtu mmoja alinitumia bila hata kuombwa. Nikaandika. Ninapotaka kuandika vibaya najua kuandika vibaya, mwanangu. Nilimvua nguo yeye na ukoo wake. Na wasomaji wapya wa Ukili, wale waliokuja na ile vurugu, walikuwa wanangoja ugomvi: "Dada, mpasue! Dada, tupo nyuma yako!" Nikaona bado kuna kitu kimoja kinakosekana: sauti ya Bibi Chiku mwenyewe akimtukana huyo mtu. Nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda sokoni.

Bibi alikuwa mezani kwake, ile kofia ya Mzee Rama kichwani juu ya mtandio, anachambua dagaa.

"Mbukwenyi, bibi," nikamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi gani hiyo ya puani? Nyie Wakonongo hata salamu mnaichovya kwenye asali."

Mimi ni Mkonongo kwa baba, na Bibi Chiku anatuhesabu sisi na Wanyamwezi chungu kimoja, kwa hiyo nami ni mtani wake. Siku hiyo sikucheka.

"Bibi, leo sina utani. Nataka uongee kwenye simu hapa, umtukane mtu mmoja wa Dar. Matusi unayaweza kuliko mtu yeyote Mpanda."

"Kumbe umekuja kunisifu. Haya, nisomee hayo ya kwako kwanza."

Nikamsomea. Nilisoma kwa mbwembwe, nikijua nimeandika vizuri. Nilipofika kwa mama wa yule mtu, Bibi akaacha kuchambua.

"Huyo mama unamjua?"

"Simjui."

"Akifa, utakwenda kumchotea maji?"

"Bibi! Nisafiri mpaka Dar kumchotea maji mama wa mshenzi?"

"Basi funga mdomo wako."

Hivyo hivyo. Mbele ya wauza nyanya. Nikabaki nimeshika simu kama mtu aliyeokota kitu cha wizi.

"Mimi Rama nilimwita mwizi mbele ya maiti yake," akasema, na sasa alikuwa amesimama, mfupi, kofia imemshukia kwenye nyusi. "Unajua kwa nini watoto wake hawakunipiga? Maji aliyooshewa niliyachota mimi. Kuni za wali mliokula nilizipasua mimi, kwa mikono hii. Shabani akioa, uwanja nitafagia mimi. Mnyamwezi yeyote akinifia hapa mjini, siuzi dagaa siku hiyo. Ndiyo maana nina ruhusa. Wewe umekwenda kuchukua mama wa watu usiyemjua, hutamwosha, hutampikia, unataka kumtukana bure. Na huyo wa Dar kachukua tusi langu kamtukana nalo Rama bure. Mna tofauti gani nyie wawili? Yeye ana wafuasi wengi kuliko wewe, basi."

"Kwa hiyo ninyamaze, bibi? Duka life, Mama Zuhura alie ndani, mimi ninyamaze?"

"Nani kasema unyamaze? Unasikia kwa masikio au kwa hiyo simu? Nimesema usitukane. Mtoto wako ana njaa huyo, analia tangu ulipokuja na hujamsikia. Mnyonyeshe, halafu unifuate."

Ilikuwa kweli. Mtoto alikuwa analia na sikuwa nimemsikia. Nikakaa kwenye ndoo ya Bibi iliyopinduliwa, nikanyonyesha katikati ya dagaa, na mtoto alipokuwa anatulia nikayafuta yale maandishi yote. Sikuyahifadhi popote. Nakwambia ukweli, yalikuwa maandishi mazuri.

Bibi Chiku alimwachia jirani meza, akaingia dukani kwa Mzee Rama kama mwenye duka.

"Shabani, pisha kwenye mizani."

"Bibi, unataka kufanya nini?"

"Kuiba. Pisha."

Akaketi kando ya mizani, akaanza kupiga kelele mpaka waliokuwa mwisho wa soko wakageuka. "Njooni mpunjwe! Mwizi wa zamani kafa, leo mwizi ni mimi! Njooni na mawe yenu kama hamniamini!" Watu wakaanza kujaa. Akamwita mwenye duka la upande wa pili, ambaye walikuwa wapinzani na Mzee Rama kwenye biashara, akamwambia alete mawe yake ya mizani. Yule mzee akayaleta mwenyewe, bila kusita. Likawekwa jiwe la huyu sahani hii, jiwe la yule sahani ile. Sahani zikatulia, sawasawa. Yule mpinzani akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Rama nimegombana naye juu ya bei miaka yote. Juu ya mizani, hata siku moja." Akachukua mawe yake akaondoka.

Nilirekodi yote. Na safari hii sikukimbilia kuweka. Niliandika, kisha nikaenda kwa Mama Zuhura, kwa kuwa mimi ni mwanamke na ningeweza kukaa naye chumbani alikokuwa kwenye eda, nikamsomea neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, nguo nyeupe, tasbihi mkononi.

"Hapo uliposema mume wangu alikuwa mpole," akanikatiza, "ondoa. Alikuwa mkali, na chai ikipoa kidogo ni ugomvi. Ukimpamba sana watajua unadanganya, hata la mizani hawataliamini."

Nikaondoa. Tukacheka wote wawili, akalia kidogo, akacheka tena. Habari ikatoka na video mbili, ile ya msibani nzima na hii ya mizani, na mwenye maneno ya mwanzo alikuwa Bibi Chiku akieleza mwenyewe anachodaiwa mtani na anachoruhusiwa. Kijana wa bodaboda anayetuletea habari za Sibwesa aliibeba kwenye simu yake, akaifungulia kwa spika pale kwenye mashine ya kusaga, siku baada ya siku, mpaka wanawake wakawa wanayajua maneno ya Bibi kwa kichwa.

Wakulima walirudi, si wote na si mara moja. Wa kwanza alikuwa mzee wa Kisukuma, fimbo mkononi, magunia yake kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Akasimama mbele ya Bibi Chiku, ambaye alikuwa amegoma kuondoka kwenye ile mizani.

"Nasikia hapa kuna mwizi."

"Ndiyo mimi, Msukuma. Umekuja kuibiwa?"

"Nimechoka kuibiwa na nisiowajua. Nipimie."

Shabani aligeuka ukutani, akajifanya anapanga mifuko ya chumvi.

Duka lipo mpaka leo. Mama Zuhura alipotoka eda alikwenda moja kwa moja akaketi dukani, akamwambia Bibi Chiku arudi kwenye dagaa wake, wananuka. Wale wa Dar hawakuomba radhi na video yao hawajaifuta. Ukiitafuta utaikuta, na mimi sijasamehe, nisikudanganye. Wale wasomaji waliokuja kutafuta ugomvi walipoukosa waliondoka kundi kwa kundi. Waliobaki ndio wasomaji wangu mpaka leo. Wananitumia habari kutoka vilimani Mwese ambako mwalimu mmoja hupanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Wananiita kwenye harusi zao. Nina chumba changu cha kazi sasa, na wasichana wawili ninaowafundisha, na jioni nikifunga mlango huwa nina furaha ambayo sijui nimweleze nani. Sina umaarufu, nina kazi nzuri.

Basi nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Usimwandike mtu ambaye huwezi kwenda mlangoni kwake kesho ukakaa. Kama utamsema, ujue unamdai nini na yeye anakudai nini. Kabla hujachapisha, msomee. Wenye vyeti watakwambia hiyo si taaluma, waambie waje Mpanda tuwaonyeshe. Ukichukua maneno ya mtu, yachukue na mwanzo wake na mwisho wake. Ukiwa na hasira, andika, maana hasira ni nguvu na sisi wanawake tumeambiwa sana tuizime. Ila mpe mtu mmoja mkali aisikilize kabla ya dunia. Na kama mtoto wako analia na humsikii, weka simu chini, hapo huandiki kitu cha maana. Skendo ya kukutajia sina. Anza na mama anayeuza mbele ya nyumba yenu. Muulize alifikaje hapo.

Mungu akupe miguu ya kufika kwa watu na masikio ya kukaa nao. Akupe wasomaji wanaolijua jina la mama yako. Akulinde na sifa za haraka, akuletee watakaokukemea mapema, na mkate wako autoe kwenye kazi usiyoionea aibu mbele ya wanao. Nenda kafungue jarida lako, mwanangu. Nitakuwa wa kwanza kulisoma, na ukikosea nitakupigia simu mwenyewe.